Aliye Nchi Kavu Naye Awajibike

Mkoa wa Singida hauna bahari wala meli. Maziwa yake, Singidani na Kindai pale mjini na Kitangiri kule Iramba, ni maziwa ya mitumbwi ya wavuvi, na mwananchi wa Manyoni au Mkalama aweza kuishi hadi uzee bila kukanyaga gati. Kwa sababu hiyo, yanapozungumzwa mambo ya usalama wa meli, watu wengi wa bara huyaona kuwa ni mambo ya pwani na visiwani.

Fikra hizo hazina msingi. Gunia la vitunguu linaloshonwa katika soko la Misuna na tenga la kuku linalopakiwa juu ya basi la Dar es Salaam havikomei katika mpaka wa mkoa, na mara nyingi mwenye mzigo huufuata mzigo wake hadi ng'ambo ya maji. Mwalimu mzaliwa wa Kiomboi hupangiwa kazi Ukerewe. Askari mzaliwa wa Ikungi hupelekwa Pemba. Mpaka daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, msafiri wa Singida aliyekwenda Sengerema na Geita kwa njia ya Mwanza alilazimika kupanda kivuko, apende asipende.

Isitoshe, jambo linalohitaji kuzungumzwa lenyewe ni la nchi kavu. Nahodha, baharia na fundi wa mitambo wanafahamika, na kila chombo kinapozama wao ndio wanaotajwa kwanza, wakiwa hai au maiti. Asiyefahamika ni yule aliyebaki ofisini: aliyeagiza chombo kiondoke, aliyeiweka kando barua ya kuomba vipuri, aliyeuza tiketi bila kuhesabu, na aliyejua kwamba chombo ni kibovu akanyamaza. Mtu huyo hazami. Ndiyo sababu hapana budi sheria imtafute, imtaje na imbane.

Historia ya nchi hii inalo fundisho chungu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, meli ya Shirika la Reli Tanzania, ilizama karibu na Mwanza ikitokea Bukoba kwa kupitia Kemondo. Wananchi zaidi ya 800 walikufa. Meli hiyo iliruhusiwa kuchukua abiria 430. Orodha iliyokuwapo ilionyesha majina 443, nayo ilikuwa ya abiria wa daraja la kwanza na la pili peke yao. Abiria wa daraja la tatu, yaani wakulima, wachuuzi na wanafunzi, hawakuandikwa popote. Yafaa jambo hili litazamwe kwa makini, maana halikufanywa na mawimbi. Orodha ya abiria hutengenezwa penye dirisha la tiketi na penye lango la gati, na vyote viwili viko nchi kavu. Wenye uwezo wa kununua kitanda waliandikwa majina. Aliyelipa nauli ya chini alihesabiwa baada ya kufa.

Watumishi tisa wa Shirika la Reli walifikishwa mahakamani baada ya msiba ule, akiwamo nahodha na meneja wa Idara ya Meli. Kumfikisha meneja mbele ya sheria pamoja na nahodha ilikuwa hatua ya maana. Hata hivyo mashtaka huja baada ya maiti kuzikwa. Swali la msingi lilikuwa, na lingali, ni nani aliyekuwa na wajibu wa kuizuia meli kabla haijang'oa nanga, na kama alikuwapo, je, alikuwa na uwezo wa kufanya hivyo?

Shirika hilo hilo la Reli ndilo lililokuwa na gari moshi la abiria lililoishiwa nguvu ya breki pale Igandu, mkoani Dodoma, tarehe 24 Juni 2002, likarudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa katika reli ile ile iendayo Manyoni na Itigi. Tofauti ya reli na ziwa ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Pande zote mbili yuko mtu anayeendesha, na yuko mtu anayempa chombo cha kuendesha.

Ulimwengu nao ulijifunza jambo hili kwa gharama ya roho za watu. Tarehe 6 Machi 1987 kivuko cha Uingereza kiitwacho Herald of Free Enterprise kilitoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, milango yake ya mbele ikiwa wazi. Maji yaliingia katika sitaha ya magari, kivuko kikalala ubavu katika muda wa dakika chache, na watu 193 wakafa. Baharia aliyepaswa kuifunga milango alikuwa amelala. Wenye kupenda njia ya mkato wangefunga jalada hapo, lakini Jaji Sheen, aliyeongoza uchunguzi, hakulifunga. Alikuta kwamba manahodha wa kampuni ile walikwisha kuwaandikia wakubwa wao wakiomba taa ndogo ya kuonyesha penye usukani iwapo milango imefungwa au iko wazi, na ombi hilo likajibiwa kwa dhihaka. Hukumu yake ilikuwa kwamba ulegevu ulikuwa umeienea kampuni nzima, kuanzia juu mpaka chini.

Lililofuata linastahili kukumbukwa na kila mtunga sheria. Kampuni hiyo iliposhtakiwa kwa kosa la kuua bila kukusudia, kesi ilianguka mwaka 1990. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, ili kampuni itiwe hatiani ilipasa apatikane kiongozi mmoja wa juu ambaye kosa lake yeye binafsi lingetosha kuwa kosa la kampuni, na hakupatikana. Kila mkubwa alijua kipande tu cha habari, na vipande vyote havikukutana katika kichwa cha mtu mmoja. Watu 193 walikuwa wamekufa, na katika ofisi nzima hapakuwa na mtu ambaye sheria ingeweza kumwita kwa jina ikasema, wewe ulijua.

Kutokana na misiba ya namna hiyo, Shirika la Bahari Duniani, IMO, lilipitisha Novemba 1993 kanuni za kimataifa za usimamizi wa usalama wa meli. Kanuni hizo zilianza kuwa lazima kwa meli za abiria tarehe 1 Julai 1998, na kuanzia tarehe 1 Julai 2002 zikaenea kwa meli nyingine za mizigo. Kifungu chake cha 4 ni kifupi, lakini ndicho kilichobadilisha mambo. Kinaitaka kila kampuni ya meli imteue mtu, au watu, wa nchi kavu, mwenye njia ya moja kwa moja ya kumfikia kiongozi wa juu kabisa wa kampuni. Wajibu na mamlaka yake ni kufuatilia usalama wa uendeshaji wa kila meli na kuhakikisha kwamba meli inapata nyenzo na msaada unaotakiwa kutoka nchi kavu.

Maneno hayo yanahitaji kufafanuliwa, maana uzito wake umefichwa na ufupi wake. "Njia ya moja kwa moja" maana yake ni kwamba msimamizi huyo hapiti kwa mkuu wa ugavi, akamngoja mhasibu, akaandikiwa dokezo la kurudi wiki ijayo. Anafungua mlango wa mkurugenzi mkuu na kumwambia kwamba meli fulani isiondoke leo. Kila aliyewahi kufanya kazi katika shirika la umma anaelewa jambo hilo ni geni kiasi gani. Urasimu una tabia ya kuifanya habari mbaya ipungue makali kila inapopanda ngazi. Fundi anasema mtambo umekufa, msimamizi wake anaandika kwamba mtambo una matatizo, na meneja anatoa taarifa kwamba mtambo unafanyiwa uangalizi; mkurugenzi anasoma kwamba hali ni nzuri kwa ujumla. Kifungu cha 4 kiliwekwa ili fundi asikike juu kwa maneno yake mwenyewe.

Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikwisha kuonya juu ya kiongozi mwenye kiburi na majivuno, asiyewasikiliza anaowaongoza. Waliouandika hawakuwa na meli mawazoni, lakini kiburi cha ofisini ndicho kilichowadhihaki manahodha wa Zeebrugge walipoomba taa.

Je, sheria inamfanya nini msimamizi huyu akizembea? Hapa pana kutoelewana kwingi. Kanuni zenyewe hazimwekei adhabu. Wajibu zimeuweka juu ya kampuni. Lakini kuwapo kwake kunabadilisha uzito wa ushahidi. Barua ya nahodha ikishafika mezani kwake, haiwi rahisi tena kwa kampuni kudai kwamba haikujua. Na katika sheria za bahari, kujua ni jambo kubwa. Mwenye meli, kwa mapatano ya kimataifa ya 1976, anaruhusiwa kuwekewa kikomo cha fidia atakayolipa. Ila haki hiyo humpotea ikithibitika kwamba hasara ilitokana na tendo lake mwenyewe, au kuacha kwake kutenda, kwa kukusudia au kwa kutojali huku akijua kwamba hasara ya namna hiyo huenda ikatokea. Jalada la msimamizi wa nchi kavu laweza basi kuwa ngao ya kampuni iliyotenda wajibu wake, na laweza kuwa shahidi mkali dhidi ya kampuni iliyopuuza. Ndiyo maana wapo wenye meli wasiopenda kuandikiwa barua na wanaopendelea kuambiwa mambo kwa simu.

Kanuni hizo, hata hivyo, zilitungwa kwa ajili ya meli ziendazo nchi za nje. Kivuko cha Ukara au boti ya Unguja na Pemba haviguswi nazo vyenyewe. Kila nchi hujiamulia kwa sheria zake. Tanzania Bara inayo Sheria ya Usafiri wa Meli ya 2003, na tangu 2018 usimamizi wa usalama wa vyombo vya majini umo mikononi mwa TASAC. Zanzibar inayo sheria yake ya 2006 na Mamlaka yake ya Usafiri Baharini. Sheria zipo na vyombo vya kuzisimamia vipo. Inabaki kuuliza iwapo mtu wa kifungu cha 4 anakutwa kweli katika kila ofisi inayopeleka wananchi majini, iwe ya Serikali au ya mtu binafsi, na iwapo jina lake linajulikana na mtu yeyote nje ya ofisi hiyo.

Matukio yaliyofuata MV Bukoba hayatoi jibu la kufurahisha. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Meli hiyo iliruhusiwa kubeba abiria 645. Tume ya uchunguzi ilikuta kwamba waliokuwamo walipita 2,400, na waliokufa na kupotea walikuwa zaidi ya 1,500. Watu wa kiasi hicho hawawezi kujificha katika bandari ya Malindi. Walipita langoni mmoja mmoja, mbele ya macho ya watu wenye mishahara. Haukutimia mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe, na waziri wa Zanzibar aliyekuwa na dhamana ya usafiri akajiuzulu.

Kujiuzulu huko kulikuwa kwa heshima, na kuna mfano wake mkubwa. Mwaka 1977 Ndugu Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliacha kazi kwa sababu ya watu walioteswa na kuuawa mikononi mwa askari katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, ingawa yeye hakuagiza wala hakuwapo. Nchi haikumsahau kwa hilo. Baadaye alikuwa Rais. Lakini uwajibikaji wa waziri ni wa kisiasa, nao huja mwisho. Kati ya waziri na nahodha pana ngazi nyingi, na katika ngazi hizo ndimo wanamojificha watu wanaojua mambo.

Kisha ikaja Ukara. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimebakisha mita chache tu kufika gatini. Kivuko hicho kilikuwa cha Serikali, chini ya TEMESA, na uwezo wake ulikuwa kama watu 100. Waliokufa walipita 220. Rais John Magufuli alitangaza maombolezo ya siku nne, na akaeleza kwamba nahodha hakuwamo katika chombo na usukani alikuwa ameachiwa mtu asiye na mafunzo. Mbunge wa Ukerewe wa wakati ule alikwisha kupaza sauti Bungeni juu ya hali ya kivuko hicho.

Katika taarifa za siku zile kulikuwa na jambo moja dogo ambalo halikutiliwa maanani vya kutosha. Idadi ya abiria haikujulikana, kwa kuwa aliyekuwa akitoa tiketi alikufa pamoja nao, na mashine iliyotunza hesabu ikapotea majini. Hesabu ya watu ilikuwa ndani ya chombo! Ilizama na chombo. Huko nchi kavu hakukubaki karatasi, wala nakala, wala mtu wa kusema kwamba kimeondoka na watu kadhaa. Waokoaji walipiga mbizi bila kujua wanatafuta miili mingapi. Miaka 22 ilikuwa imepita tangu abiria wa daraja la tatu wa MV Bukoba wasafiri bila kuandikwa.

Nahodha aliyeacha usukani alitenda kosa, na hakuna wa kumtetea. Lakini nahodha kutokuwamo katika chombo chake siku ya gulio si siri ya ziwani. Ofisi yenye msimamizi anayefanya kazi yake hujua kila asubuhi nani yuko zamu, chombo kina mafuta na maboya kiasi gani, na mzigo gani unangoja gatini. Kama haijui, hiyo ni hatia ya pili, na haipasi kufunikwa na ya kwanza.

Wapo watakaosema kwamba kumpa mtu wa ofisini uwezo wa kuzuia meli ni kuweka manahodha wawili katika chombo kimoja. Hoja hii haina nguvu. Kanuni zile zile, katika kifungu cha 5, zinamhakikishia nahodha mamlaka ya mwisho ya kuamua juu ya usalama. Msimamizi wa nchi kavu hashiki usukani. Anachofanya ni kumwondolea nahodha mzigo wa kupigana peke yake na mwenye mali. Nahodha akikataa kuondoka kwa kuwa abiria wamezidi, anayemkabili ni yule amlipaye mshahara, na nje ya ofisi wapo manahodha wengine wasio na kazi. Mtu wa namna hiyo anahitaji mwenzake aliye nchi kavu, ambaye sheria imemwamuru kusimama upande wake.

Hoja nyingine ina uzito zaidi. Ipo hatari kwamba cheo hiki kitageuzwa kuwa cha kafara. Mwenye meli atamwita karani wake au mpwa wake, atampa hati ya uteuzi na meza, bila elimu ya meli, bila fungu la fedha na bila sauti, ili siku ya maafa apatikane mtu wa kupeleka polisi. Uteuzi wa namna hiyo ni udanganyifu, na afadhali pasiwe na msimamizi kabisa kuliko kuwa naye wa karatasi. Kwa hiyo sheria ikimbana msimamizi kwa kunyamaza, haina budi imbane mkubwa wake kwa kumnyamazisha. Msimamizi aliyeandika kwamba meli isiondoke, akapuuzwa, asishtakiwe; ashtakiwe aliyepuuza. Na anayemfukuza kazi mtu kwa sababu ya barua kama hiyo ahesabiwe kuwa amehatarisha maisha ya abiria, hata kama siku hiyo meli ilifika salama.

Yanayotakiwa hayahitaji fedha nyingi. Kila kampuni na kila wakala wa Serikali mwenye chombo cha abiria amteue msimamizi mwenye ujuzi wa meli, na jina lake na namba yake ya simu vibandikwe katika dirisha la tiketi na ndani ya chombo, mahali ambapo abiria wa daraja la chini anaweza kuvisoma. Chombo kisifunguliwe kamba kabla nakala ya orodha ya abiria, pamoja na watoto wachanga, haijabaki mikononi mwa mtu wa nchi kavu. Taarifa za ubovu ziandikwe, zitiwe tarehe, na nakala ifike kwa TASAC au kwa Mamlaka ya Zanzibar bila kupitia kwa mwenye meli. Pale ambapo kanuni zimekwisha kusema hivyo, kazi iliyobaki ni ukaguzi wa kushtukiza, hasa siku za gulio na za sikukuu.

Matawi ya Chama yaliyoko magatini nayo yanayo kazi. Viongozi wa matawi hayo huijua siku ya gulio kuliko mkaguzi atokaye mjini, na huona chombo kinavyokaa majini kinapojaa. Wasingoje kuulizwa. Vivyo hivyo Mkoa wa Singida unao wajibu wake, ingawa hauna gati. Wafanyabiashara wa vitunguu na alizeti wanaokodi nafasi ya mizigo katika vyombo vya Ziwa Victoria na vya Unguja ni wateja wenye nguvu. Wakiuliza jina la msimamizi wa usalama kabla ya kulipia mzigo, mwenye chombo atalitafuta haraka kuliko akiandikiwa waraka.

Mwanza sasa ina meli mpya, MV Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023 na kujengwa kwa ajili ya abiria 1,200, karibu mara tatu ya wale walioruhusiwa katika MV Bukoba. Ni matunda ya jasho la taifa zima, na mkulima wa alizeti wa Mkalama amechangia kwa kodi yake. Jina la nahodha wa meli ya namna hiyo hujulikana na kila mtu bandarini. Chini ya jina hilo, penye dirisha la tiketi, liandikwe na la pili.